Shajara ya mradi: kubashiri uhai wa mgonjwa wa ECMO, tukiwa Tanga

Februari, kikao cha kwanza

Tumekubaliana kazi. Tunatengeneza kikokotozi kidogo cha simu cha kutumika kwenye mafunzo ya madaktari na wauguzi wa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, mkoani kwetu. Unaingiza hali ya mgonjwa mahututi, nacho kinakupa alama, pamoja na asilimia ya waliotoka hospitali wakiwa hai kati ya wagonjwa wenye alama kama hiyo. Tuko wanne: Dokta wa wagonjwa mahututi, Sista ambaye amekesha ICU miaka mingi kuliko sisi wote, kijana wa programu, na mimi upande wa takwimu. Tunakutana Chumbageni, barazani kwa Sista, jua likishapoa.

Kwa atakayesoma shajara hii naye si mtu wa hospitali, ECMO ni hivi. Kanula nene, yaani mrija, huingizwa kwenye mshipa mkubwa wa paja, pampu ikavuta damu na kuipitisha kwenye utando unaoiongezea oksijeni na kuiondolea kabonidioksidi, kisha damu hiyo ikarudishwa mwilini. Ikirudishwa kwenye vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, mashine imebeba kazi ya mapafu peke yake na moyo unaendelea kusukuma. Ikirudishwa kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, imeusaidia na moyo. Kwa mtu mzima ni kama lita 4 hadi 5 za damu kila dakika. Damu inayopita kwenye plastiki huelekea kuganda, kwa hiyo mgonjwa hupewa heparini, na heparini nayo huleta hatari ya kuvuja damu, hata ubongoni. Ugonjwa wenyewe mashine haiutibu. Inamshikilia mtu asife wakati mapafu au moyo wake unatafuta nafuu.

Hapa Tanga mashine hiyo hatuna. Watu wamemuuliza Dokta kwa nini basi tunahangaika nayo, naye huwajibu kwamba mgonjwa wa kupelekwa rufaa huanzia kwetu, na atakachofanyiwa siku za kwanza atafanyiwa na sisi. Nimeliandika jibu hilo juu ya ukurasa wa kwanza wa mradi.

Februari, alama za RESP

Tumeanza na RESP, kwa wagonjwa ambao mapafu yao yameshindwa. Ilitoka mwaka 2014, kazi ya Matthieu Schmidt na wenzake, kwa kutumia rejista ya ELSO, shirika lililoanzishwa mwaka 1989 kukusanya taarifa za wagonjwa wa ECMO kutoka vituo vya nchi nyingi. Walihesabiwa watu wazima 2,355 waliounganishwa mashine kati ya mwaka 2000 na 2012. Asilimia 57 walitoka hospitali wakiwa hai.

Mambo yanayoulizwa ni 12, na yote yanajulikana kabla mashine haijaunganishwa. Umri wa miaka 50 hadi 59 unapunguza pointi 2, 60 na kuendelea unapunguza 3. Nimonia ya virusi au ya bakteria inaongeza 3. Pumu inaongeza 11, pointi nyingi kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa pumu kali ikimpita mtu salama, mapafu yake hurudi kufanya kazi. Kinachoshusha kuliko vyote ni tatizo la ubongo, kiharusi kwa mfano, au degedege: linaondoa pointi 7. Kijana ameyaingiza yote, nami nimeyapitia moja moja kwa kalamu na karatasi. Yanalingana.

Kilichotuchelewesha ni pointi moja tu. Mgonjwa aliyepewa dawa ya kulegeza misuli kabla ya ECMO anaongezewa 1. Sista akauliza, na ndilo swali lililotakiwa kuulizwa: "Kwa hiyo nikimchoma kila mgonjwa dawa hiyo, wote watapona zaidi?" Hapana. Alama inaeleza waliopona walikuwa watu wa namna gani, haisemi ni kipi kilichowaponya. Tumeamua maelezo hayo yakae chini ya kila jibu la kikokotozi, kwa herufi za ukubwa uleule wa jibu. Kijana alitaka yawe madogo ili ukurasa upendeze. Dokta akakataa, na mimi nikamuunga mkono.

Februari, mgonjwa wa mfano

Hatutumii taarifa za mgonjwa yeyote halisi. Tumebuni mtu wa miaka 35, nimonia ya virusi, yuko kwenye mashine ya kupumulia kwa saa 36, amepewa dawa ya kulegeza misuli, na hana tatizo jingine. Tukamhesabu kana kwamba anaunganishwa ECMO saa hiyo hiyo.

Chini ya saa 48 kwenye mashine ya kupumulia: 3. Nimonia ya virusi: 3. Dawa ya misuli: 1. Jumla 7. Hilo ni daraja la kwanza kati ya matano ya RESP, ambalo asilimia 92 walipona.

Tukamwacha mtu yuleyule hadi siku ya tano. Pointi za muda zinashuka kutoka 3 hadi 1, jumla 5, daraja la pili, asilimia 76. Tukamwacha hadi siku ya nane. Pointi za muda zimeisha. Mapafu yamekakamaa, na shinikizo la kusukuma hewa limepita 42, ondoa 1. Kabonidioksidi kwenye damu imepita 75, ondoa 1. Damu imekuwa na asidi hadi akawekewa dripu ya baikaboneti, ondoa 2. Jumla sifuri, asilimia 57. Usiku huo moyo ukasimama, ukarudishwa kwa kukandamizwa kifua: ondoa 2. Sasa yuko kwenye hasi 2, daraja la nne, asilimia 33.

Mtu ni mmoja, ugonjwa ni mmoja. Nilipoliweka jedwali hilo mezani, Dokta alilitazama kwa muda mrefu. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kwa barabara, kupitia Segera na Chalinze, ni takriban kilomita 350. Njiani hapo sipo saa 48 zinapopotea. Zinapotea kabla, pale watu wanapokaa kusubiri kuona kama mgonjwa atapata nafuu kesho, na kesho yake tena. Ndiyo maana somo la kwanza la mafunzo litakuwa la simu: piga mapema kuuliza, hata kama hatimaye mgonjwa hatasafirishwa.

Lakini jedwali hili halithibitishi kwamba ukiwahi unaokoa. Waliounganishwa mapema huenda walikuwa tofauti na wengine kwa mambo ambayo rejista haikuyaandika. Kwa ushahidi wa aina hiyo inabidi twende kwenye majaribio yaliyowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu.

Machi, nani alihesabiwa

Siku hizi nimeshinda kwenye swali hili moja, na naliona ndilo moyo wa mradi wote.

Wale 2,355 wote waliunganishwa ECMO. Ambaye daktari alimtazama akasema huyu hapana, hayumo. Ambaye hospitali yake haina mashine hayumo. Kwa hiyo daraja la chini kabisa, lenye asilimia 18 ya kupona, limejaa watu ambao daktari fulani mwenye uzoefu aliona wanastahili kujaribiwa. Ukichukua asilimia hiyo ukambandika mgonjwa ambaye hakuna aliyekuwa na nia ya kumuunganisha, unamsemea kwa hesabu za watu wengine. Zaidi ya hapo, RESP haisemi mgonjwa huyo angekuwaje bila mashine. Haikuwahi kumwona asiyeunganishwa.

Majaribio yenyewe yanasema nini? Mwaka 1979 Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 90. Pande zote mbili, wa ECMO na wasio wa ECMO, waliopona hawakufika hata 1 kati ya 10. Kwa watu wazima matumaini yakapoa kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Uingereza ikatoa jaribio la CESAR: watu 180, nusu wakapangiwa kupelekwa Leicester kwenye kituo cha ECMO, nusu wakabaki kwenye hospitali zao. Baada ya miezi 6, waliokuwa hai bila ulemavu mkubwa ni asilimia 63 upande wa waliopangiwa Leicester na 47 upande wa pili. Na katika hao wa Leicester, robo tatu tu ndio waliounganishwa mashine. Wengine walitibiwa bila hiyo mashine, mikononi mwa watu wanaoshughulika na mapafu ya namna hiyo kila siku. Nimemsomea Sista sehemu hiyo mara mbili, alipenda niirudie.

Kisha jaribio la EOLIA, mwaka 2018, wagonjwa 249. Kufikia siku ya 60 walikuwa wamefariki asilimia 35 wa upande wa ECMO na 46 wa upande wa matibabu ya kawaida. Tofauti hiyo haikuvuka mstari wa takwimu uliokuwa umewekwa ili isihesabiwe bahati tu, na zaidi ya robo ya wale wa matibabu ya kawaida walihamishiwa ECMO hali ilipozidi kuwa mbaya. Wataalamu bado wanabishana namna ya kulisoma. Mimi naliona linaelekea upande wa kusaidia, ila kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, kwenye kituo kilichozoea.

Machi, SAVE

SAVE ni alama ya wagonjwa ambao moyo umeshindwa. Mwaka 2015, watu 3,846, asilimia 42 walitoka hospitali hai. Figo, ini, umri, uzito, presha ya chini, yote yamo, na kila mtu anaanza na hasi 6. Kijana ameimaliza haraka. Kwa mafunzo yetu haitatumika sana, ila imo.

Aprili, baada ya Idi: asilimia zinazohama

Alama yoyote ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupanga foleni: nani yuko karibu na kupona, nani yuko mbali. RESP kwenye kazi hiyo ilipata 0.74, maana yake ukimchukua mtu mmoja aliyepona na mmoja aliyefariki, mara 74 kati ya 100 aliyepona ndiye atakuwa na alama ya juu. Bahati tupu ingekupa 50. Kazi ya pili ni kusema ukweli wa asilimia yenyewe: ikisema 57, basi kati ya 100 wapone kama 57. Alama inaweza kufaulu ya kwanza ikafeli ya pili, na kwa ndugu wa mgonjwa ya pili ndiyo inayouma.

Korona ilionyesha hivyo waziwazi. Rejista ileile ya ELSO iliangalia wagonjwa 4,812 wa korona waliounganishwa ECMO mwaka 2020. Kwenye vituo vilivyoanza mapema, waliofariki ndani ya siku 90 walikadiriwa kuwa asilimia 37 kwa wale wa kabla ya Mei. Kwenye vituo hivyohivyo, baada ya hapo, ikawa 52. Kwenye vituo vilivyochelewa kuanza ikawa 59. Mwaka mmoja, ugonjwa mmoja, mashine ya aina moja.

Nimetengeneza zoezi la darasani kutokana na hili. Nambari zake ni za kubuni, hesabu ni ya kweli. Chukua daraja la tatu la RESP: kwa kila 57 wanaopona, 43 wanafariki, uwiano wa 1.33. Tuseme tumeipeleka alama mahali ambapo uwiano wa kupona ni nusu yake, 0.66. Asilimia 57 inakuwa 40. Ukikata nusu uwiano wa madaraja yote, 92 inashuka hadi 85, 76 hadi 61, 33 hadi 20, na 18 hadi 10. Foleni haijabadilika hata kidogo. Aliyekuwa wa kwanza bado wa kwanza, na ile 0.74 iko palepale. Ila kila familia iliyoambiwa asilimia za zamani imeambiwa uongo, na aliyewaambia hakujua.

Kwa hiyo kikokotozi kinaandika juu ya jibu: wapi, lini, na akina nani walihesabiwa. Huwezi kuifunga sehemu hiyo. Kijana ameiwekea kufuli.

Aprili, ndugu wa mgonjwa

Kikao kirefu kuliko vyote, na takwimu hazikuchukua hata robo yake.

Sista alianza. Ndugu wakija hawaulizi asilimia. Wanauliza: "Sista, mgonjwa wetu atapona?" Mara nyingi anayeuliza ni baba mdogo au mjomba, aliyepewa jukumu la kuzungumza na hospitali, na nyuma yake kuna watu kumi wanaosubiri neno lake. Ukimpa "asilimia 33", atawapelekea nyumbani aidha "amesema atapona" au "wamemkatia tamaa". Nambari haifiki salama.

Tukamwomba atuonyeshe yeye husema vipi. Akakaa sawa, mikono mapajani, akaongea kana kwamba mzee yuko mbele yake:

"Shikamoo mzee. Hali ya mgonjwa ni nzito, sitakuficha. Wagonjwa wanaokuwa na hali kama yake, wengi wao hatuwapati, na wapo tunaowapata. Tunafanya hiki na hiki. Leo jioni nitakueleza tena, na kama kuna mabadiliko usiku tutakupigia. Nani mwingine ungependa asikie maneno haya kutoka kwangu?"

Swali lile la mwisho sijaliona kwenye makala yoyote niliyosoma kwa kazi hii. Tumeliingiza kwenye mafunzo kama lilivyo.

Dokta anashikilia kwamba nambari zisifichwe, kwa sababu wapo ndugu wanaozitaka na wana haki nazo. Nakubaliana naye. Tumefikia hivi: kikokotozi hakionyeshi asilimia peke yake. Kinaandika, kwa mfano, "Kati ya wagonjwa 100 wenye alama kama hizi, 33 walitoka hospitali wakiwa hai na 67 walifariki." Pande zote mbili, kwenye mstari mmoja. Na hakuna rangi nyekundu wala kijani, kwa kuwa rangi huwa inaamua kabla mtu hajasoma.

Kitu kimoja hatukubishania hata dakika moja: alama isitumike kumfungia mtu mlango. Walioitunga RESP wenyewe waliitoa imsaidie daktari kufikiri, wala haikukusudiwa ishike nafasi yake.

Mei, tunachoweza kupima wenyewe

Ili kuipima alama ya watu wengine kwenu, kanuni inayotumika sana ni kupata angalau wagonjwa 100 waliofariki na 100 waliopona. Kwa ECMO hatutafika huko, hatuna hata wa kuanzia. Lakini somo la kujua nani alihesabiwa linatusukuma mahali pengine, ambako wagonjwa wapo.

Utafiti mkubwa wa Afrika uliotoka mwaka 2025, nchi 22, ulikuta kwamba 1 kati ya wagonjwa 8 waliolazwa alikuwa mahututi, na karibu 7 kati ya 10 wa hao mahututi walikuwa kwenye wodi za kawaida, si ICU. Watu hao wana alama yao. Inaitwa UVA, ya mwaka 2017, imetokana na wagonjwa 5,573 wa nchi sita za Afrika, Tanzania ikiwemo. Inaulizwa joto la mwili, mapigo, pumzi, presha, oksijeni, fahamu, na kama mgonjwa ana VVU. Haihitaji maabara kubwa. Hapa, tofauti na RESP, pointi zikiongezeka hatari ndiyo inayoongezeka: fahamu iliyopungua ina pointi 4, oksijeni chini ya asilimia 92 ina pointi 2.

Hiyo 92 ndiyo iliyotupeleka kwenye vidole. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba, kati ya wagonjwa ambao kipimo cha kidoleni kilisoma 92 hadi 96, waliokuwa kwa kweli na oksijeni chini ya 88 kwenye damu ya ateri walikuwa karibu asilimia 12 kwa watu weusi na karibu 4 kwa weupe. Kifaa kinatusomea juu kuliko tulivyo. Na hapa pwani kuna jingine: mgonjwa aliyetoka harusini ana piko kwenye vidole vyote kumi, na piko nyeusi inaweza kukizuia kifaa kisisome au kikasoma chini. Sista anachofanya ni kuangalia kwanza mstari wa mapigo kwenye kioo, kama unapanda na kushuka vizuri; ukiwa umelala, anahamishia kwenye ndewe ya sikio, na kwanza anaisugua ndewe hiyo mpaka ipate joto ndipo anabana. Nimemtazama akifanya kwa kijana wetu wa programu. Nambari ilitulia baada ya muda kidogo tu.

Fomu yetu ya kukusanyia data kwa hiyo imepata safu mbili ambazo fomu tulizoiga hazikuwa nazo: kipimo kimewekwa wapi, na je, kuna piko au rangi ya kucha.

Mei, mwishoni

Maombi ya kibali cha maadili yameandikwa kwa ajili ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Majina hayamo kwenye fomu, kuna namba tu, na karatasi ya kuunganisha namba na jina itabaki imefungiwa hospitalini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzilinde taarifa za mgonjwa, nasi tungefanya hivyo hata bila sheria. Hakuna mgonjwa atakayeingizwa kabla ya kibali.

Kikokotozi cha RESP na SAVE kiko tayari kwa mafunzo. Dokta anaandaa mifano mingine ya kubuni, mmoja wa pumu na mmoja wa mama aliyetoka kujifungua. Kijana anatengeneza toleo lisilohitaji intaneti, maana wodi zetu nyingine mtandao haufiki. Mimi nina kazi ya kuandika ukurasa mmoja, kwa lugha ya wodini, unaoeleza kwa nini 33 ya rejista si 33 ya Tanga. Sista atausoma kwanza, na akikwama kwenye sentensi yoyote, sentensi hiyo inaandikwa upya.